Jirani Aliyelaza Chupa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Najua mnakielewa, maana nikisema chakula kiko mezani hamchelewi. Mnachokimbia ni kujibu. Leo hamna haja ya kujibu. Someni tu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mwendelee mbele.

Nataka kuwaeleza habari za Jirani. Jina alikuwa nalo, na mimi nalijua, lakini nyumba nzima ilimwita Jirani, na yeye aliitika. Alikaa upande wa kushoto wa nyumba yetu hapa Guildford. Alizaliwa mwaka gani na baba yake alikuwa nani, hayo waulizeni Waitaliano wenzake. Mimi nasema niliyoyaona juu ya uzio.

Uzio wenyewe ndio ulitukutanisha, na kwa ugomvi. Tulipohamia hapa nilipanda maboga, na maboga hayajui mpaka. Yakapanda, yakashukia kwake. Asubuhi moja namwona amevaa fulana ya ndani na kofia ya majani, anakata majani yangu ya maboga, mazuri kabisa, laini, anayatia kwenye pipa la taka.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule: "Wewe! Hicho ni chakula!"

Akaniangalia kama mtu aliyesikia kuku akiongea. "Hiki? Majani?"

"Majani ndiyo. Unatupa mboga ya watoto."

Halafu akanyoosha kidole chini ya miguu yangu. Mimi nilikuwa nimechuma yale maua ya njano yasiyoshika boga, nimeyatupa. "Na wewe, Sinyora," akasema, "unatupa chakula cha mama yangu."

Ikawa hivyo. Mimi nakula majani, yeye maua, boga tunagawana. Maua aliyatumbukiza kwenye unga wa majimaji akayakaanga, akaniletea kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Nilikula nikiwa nimemnunia bado. Yalikuwa matamu. Sikumwambia siku hiyo; nilimwambia wiki iliyofuata, asije akavimba kichwa.

Alikuwa mtu wa kuchosha, nisiwadanganye. Alifagia saruji ya mbele ya nyumba yake mpaka ikang'aa, lakini gereji yake hupati pa kuweka mguu. Nyanya alizifunga kwenye vijiti kwa soksi ndefu za marehemu mke wake, na ole wako ucheke. Kanisani hakanyagi, anasema mapadre wanaongea sana. Lakini sanamu ya Bikira Maria pale uani aliiosha kila Jumamosi kwa mswaki, mpaka masikioni. Maji ya bomba aliyabania kama tuko jangwani. Ukimpitia tu kumsalimia, huondoki bila tini, au mkate, au chupa.

Sasa nafika kwenye chupa.

Chini ya nyumba yake, nyuma ya chumba cha kufulia, kulikuwa na mlango mfupi. Lazima uiname, hata mimi ambaye Mungu hakunipa urefu. Huko alichimba mwenyewe, sakafu ni udongo mtupu, na ukutani alipanga mabomba ya udongo, yale ya kupitishia maji machafu, mapya lakini. Kila bomba na chupa yake imelazwa ndani. Joto la kiangazi cha Januari likituchemsha huku juu, kule chini ni baridi ya asubuhi. Na humo Jirani, mtu wa kufokea mbwa wa mtaa mzima, alisema kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala.

Alikuwa na masharti. Usiingie na kitunguu. Usiingie na rangi ya ukuta. Mwanangu Bosco alifukuzwa siku moja kwa sababu ya manukato ya kujipulizia. "Kaoge kwanza," Jirani akamwambia, "ndio uje kusalimia mvinyo." Bosco ni baba wa watoto, anatunza wazee kazini, watu wanamheshimu. Akaenda akaoga.

Mume wangu na Jirani walipendana, na wote wawili hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kupendana. Walikaa wakionyeshana vidole. Siku ya kwanza Jirani alipotoa chupa ya zamani kwa ajili yetu, aliisimamisha mezani tangu asubuhi, akawasha mshumaa, akatandika kitambaa. Alipogeuka kutafuta kizibuo, mzee wangu akaichukua ile chupa, akaitazama kwenye mwanga, akaona chini kuna mashapo. Sasa mjue, sisi tumekulia kwenye pombe ya mtama. Pombe ya mtama ikitulia unaikoroga, ule uzito upande, kila mtu apate sehemu yake. Kumpa mgeni maji ya juu peke yake ni uchoyo. Mzee wangu kwa heshima zote akaishika ile chupa kwa mikono miwili akaitikisa. Akaitikisa vizuri, kama mtu anayejua kazi.

Jirani aligeuka akapiga ukelele nikadhani kuna nyoka.

"Umeamsha! Umeamsha!"

"Nimesaidia," mzee wangu akaniambia kwa Kirundi. "Analia nini?"

Hatukunywa siku hiyo. Tulirudishwa nyumbani kama watoto wa shule, tukaambiwa turudi Jumapili ijayo, chupa ikishatulia. Tuliporudi, ilikuwa mezani imesimama, na Jirani amekaa karibu nayo na mkono ameuzungusha, anailinda mzee wangu asiiguse. Walicheka wawili hao mpaka kofia ya majani ikaanguka. Tangu siku ile, kila walipoonana kwenye uzio, Jirani alifanya mikono kama anatikisa chupa, na mzee wangu akashika kichwa na kupiga ule ukelele.

Siku hiyo ndiyo niliona jambo lililonifanya nimheshimu. Jirani alijimiminia kwanza, kidogo, kidole kimoja. Akanusa. Akaonja. Akakaa nayo mdomoni, uso umekazwa kama hakimu. Halafu akatikisa kichwa kukubali, ndipo akatumiminia sisi. Nikamkanyaga mzee wangu chini ya meza. Maana kwetu ni vilevile. Mwenye nyumba hakupi kinywaji kabla hajakionja mbele yako. Anaonja uone kuwa ni kisafi, hakina sumu wala hila, na kama ni kibaya, ubaya umwanzie yeye. Nilidhani desturi hiyo tuliiacha kule tulikotoka, kabla ya kambi ya wakimbizi. Kumbe imekaa hapa Guildford, kwa mzee wa soksi za nyanya.

Tulibishana lakini. Mwaka mmoja nilimfundisha kukamua ndizi kwa nyasi, tukatengeneza pombe ya ndizi kwenye gereji yake, baada ya kusukuma takataka zake pembeni. Akaonja, akapenda, akauliza ina umri gani.

"Siku tatu."

"Siku tatu! Sinyora, hii bado inanyonya!"

"Na hiyo yako iliyolala chini miaka yote hiyo, inangoja nini?"

"Inangoja watu."

"Watu tupo. Sisi pombe ikiiva tunaita majirani siku hiyohiyo, la sivyo inaharibika. Wewe ya kwako unaificha shimoni."

Akakasirika, akaenda kumwagilia nyanya. Lakini nilikuwa nimegusa palipouma, na nilijua. Maana kulikuwa na chupa moja.

Ile ilikuwa kwenye bomba la mwisho kule chini, kona yenye giza. Mke wake alipokuja kuolewa, alikuja na meli kutoka Italia, na baba yake alimpa kreti ya mvinyo mwekundu wa kilimani kwao, kule ambako anasema ukungu unalala juu ya zabibu mpaka saa nne. Walifungua moja alipozaliwa binti yao, moja walipomaliza nyumba, na kadhalika. Wakabakiza ya mwisho, waje kuinywa wakiwa wazee wawili. Mke akafa kabla hajazeeka sawasawa. Chupa ikabaki. Kila nikimuuliza, Jirani anasema siku yake bado. Niliona kwamba siku yenyewe haikuwapo kwenye kalenda.

Halafu ikaja ile homa ya kifua. Alikaa hospitali, akarudi mwembamba, na mimi nikampelekea mchuzi. Alikula bila neno. Jirani, bila neno! Kabla ya hapo mchuzi wangu alikuwa anauchambua, chumvi hivi, nyanya vile, nikitamani kumpiga na mwiko. Nikamwona uani anachuma jani la mrehani, analisugua, analipeleka puani. Akalitupa. Akachuma lingine. Akalitupa.

Pasaka akatualika kama kawaida. Mzee wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Tulikwenda mimi, Bosco, mke wake, na mjukuu wangu Keza, ambaye ndio kwanza sheria ya huku imemruhusu kunywa pombe. Jirani akajimiminia, akanusa, akaonja, akakaza uso, akakubali. Akatumiminia.

Ilikuwa siki. Siki kabisa, ya kuwekea kachumbari. Bosco akameza. Mkewe akameza. Mimi nikameza machozi yakinitoka, nikasema ni moshi wa jikoni. Tungemaliza glasi zote, nawaambia, kwa heshima. Lakini Keza alikuwa ameshakunja uso kama chupi iliyokaushwa juani, na Jirani akamwona. Akatuangalia mmoja mmoja. Akazikusanya glasi, akazimwaga, akasema, "Samahanini." Tangu siku ile mlango mfupi ukafungwa kwa kufuli. Akawa anatukaribisha kwa limonadi ya dukani. Jirani na limonadi! Ilikuwa kama kumwona padre amevaa kaptura.

Nilimwelewa. Mwenye nyumba asiyeweza kuonja anakaribishaje? Atawapa watu kitu asichokijua. Na ile chupa ya mke wake, akiifungua na imekufa, hatajua; na ikiwa hai, hatajua pia. Kwa hiyo aliiacha imelala, na yeye mwenyewe anaisha.

Binti yake akaja kutoka Perth. Mwanamke mzuri, mwenye haraka. Walikubaliana, au yeye alikubali na Jirani akanyamaza, kwamba nyumba ifungwe na mzee ahamie nyumba ya wazee kule upande wa Minto, anapofanya kazi Bosco. Wiki ile wanapakia vitu, binti akaja uzioni.

"Mama," akaniita, maana alijifunza kwa watoto wangu, "kuna chupa moja amekataa nisiiguse. Hataki kuifungua, hataki kuibeba, hataki kuiacha. Zungumza naye."

Nikavua aproni, nikaenda.

Nilimkuta jikoni, maboksi kila mahali. Chupa iko mezani imesimama, mashapo yametulia chini. Ameisimamisha mwenyewe tangu jana yake, kwa hiyo nikajua anataka, anaogopa. Nikamwambia Bosco na Keza waje. Binti yake akasafisha glasi. Hakuna aliyempa Jirani nafasi ya kubisha.

Kizibo kilikatikakatika, akakitoa vipande vipande. Akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina kwenye jagi polepole, anaangalia mashapo yasipite. Mchana ule jua lote la dirishani lilikuwa kwenye lile jagi. Mvinyo haukuwa mwekundu tena. Ulikuwa rangi ya tofali, na pembeni kama chai.

Akajimiminia kidole kimoja. Akainua. Akashusha.

"Siwezi," akasema. "Kama ni siki, nitakuwa nimewapa wageni siki mara ya pili. Na hii ni ya kwake."

Binti yake akageukia dirishani.

Nikasema, "Nipe mimi."

"Wewe ni mgeni, Sinyora. Mgeni haonji kwanza."

"Hata kwetu haonji. Anayeonja ni mtu wa nyumba. Nipe hiyo glasi, na kuanzia leo usinihesabu mgeni. Ikiwa mbaya, ubaya utaniangukia mimi, mtu wa nyumba."

Akaisukuma glasi mezani mpaka mbele yangu.

Nikanusa. Nikashusha glasi, maana nilichosikia kilinitia aibu.

"Sema," akasema.

"Utakasirika."

"Sema, mwanamke!"

"Lami," nikasema. "Ile ya barabara. Lakini kwa mbali, mtaa wa pili, jua likiwa kali."

Jirani akasimama. "Lami! Na maua? Kuna maua?"

"Ngoja. Usinitilie maneno mdomoni." Nikanusa tena. "Tumbaku iliyoning'inizwa jikoni. Ngozi ya ngoma mpya. Sakafu ya udongo ikinyunyiziwa maji kabla ya kufagia." Nikaonja. Ulinikamata ulimi, ukaukausha, halafu ukaulegeza, ukaacha utamu mdogo kama tunda lililokauka. "Haya, maua yapo. Waridi. Lakini yamenyauka, ya kaburini siku ya tatu."

"Waridi!" akapiga meza, glasi zikaruka. "Waridi na lami! Ndivyo ulivyo! Baba mkwe wangu, mzee mkaidi yule! Uko hai! Carla," akamwambia binti yake, "mvinyo wa babu yako uko hai!"

"Bibi," Keza akasema, "umejuaje yote hayo?"

"Nina pua. Na wewe unayo, ila unaijaza manukato."

Tukamiminiwa wote. Hata mke wa Bosco alikuja mbio kutoka nyumbani na unga mikononi. Jirani akanywa wa mwisho. Akafumba macho, akakaa. Sote tukamtazama mdomo kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Sisikii harufu," akasema. "Hata kidogo." Kisha akacheka, akagusa shavu. "Lakini unanishika. Hapa, kwenye ulimi. Unanishika mkono kama yeye sokoni, watu wakiwa wengi."

Binti yake alilia na kucheka pamoja, akaharibu wanja wote. Bosco akaimba wimbo wa harusi, bila sababu. Jagi lilipoisha, chupani mlibaki kidogo, mashapo matupu. Jirani akaichukua, akaniangalia, akaiziba kwa kidole gumba, akaitikisa. Akaitikisa kwa mikono miwili, kama mtu anayejua kazi.

"Kwa ajili ya mumeo," akasema.

Nikashika kichwa nikapiga ukelele wa mzee wangu, nadhani walinisikia mpaka stesheni. Tukagawana yale mashapo kwa vijiko, machungu kama dawa, kila mtu sehemu yake.

Akahamia Minto. Chupa zake nyingine zilihamia kwetu, ziko chini ya kitanda changu, zimelazwa, na anayezisimamisha atanijua. Jumapili ya kwanza Bosco akamleta kula. Nilipika majani ya maboga, nikakaanga na maua. Jirani alikuja amevaa koti, viatu vimepigwa kiwi, akakaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, kama mgeni aliyeletwa kuposa. Akasema asante kwa kila kitu. Asante kwa maji, asante kwa kijiko. Sikumzoea hivyo. Nilitamani anigombeze habari ya chumvi.

Bosco akafungua chupa, akataka kumimina. Keza akasema, "Jirani hasikii ladha, Bibi, nionje mimi?" Mkwe wangu akasema hapana, aonje Mama, si ndiye aliyeonja siku ile. Jirani alikuwa anatazama sahani yake.

Nikagonga meza kwa mwiko.

"Chupa mpeni Jirani," nikasema. "Leo na kila Jumapili. Amimine yeye, aonje yeye kwanza, kama ni siki tutakunywa siki. Na huyo atakayekunja uso ataosha vyombo."